Namna ya Kuboresha Tela la Safari kwa Barabara na Hali ya Hewa ya Dodoma

Tela la safari, yaani chumba cha kulala chenye magurudumu kinachovutwa na gari, hutengenezwa kwa kuzingatia barabara na hali ya hewa ya nchi fulani. Lililotoka Uingereza limeundwa kwa lami na mvua za mara kwa mara. Lililotoka Marekani limeundwa kwa viwanja vya kambi ambako umeme na maji humsubiri msafiri. Likifika Dodoma linakuta mambo mengine kabisa: jua kali, ukame wa kuanzia Mei hadi Novemba, upepo wenye vumbi jekundu, matuta katika kila mji ulio kando ya barabara kuu, na njia za changarawe zenye mawimbi madogo magumu yanayotikisa kila kilichofungwa kwa skrubu.

Mwenye tela, akiwa na shauku ya safari yake ya kwanza, huvutiwa kuanza na yale yanayoonekana: makochi mapya, kabati la vyombo, taa za rangi. Ninashauri kwa msisitizo afuate mpangilio wa kinyume. Aanze na uzito, kisha kilicho chini ya sakafu, kisha vumbi, na baada ya hapo ndipo ashughulikie joto, umeme, maji na jiko. Kabati zuri lililofungwa juu ya chesisi (fremu ya chuma inayobeba tela) iliyopasuka litavunjika pamoja na chesisi hiyo, na godoro jipya litajaa vumbi kabla ya kufika Kolo, kule Kondoa.

Uzito kabla ya yote

Kila tela huwa na kibati cha mtengenezaji kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa humo uzito wa tela likiwa tupu, na kinachobaki ndicho unachoweza kuongeza, kikiwamo chakula, maji, nguo na maboresho yote utakayoyafanya. Tela lenye kikomo cha kilo 1,200 na uzito mtupu wa kilo 900 linakuachia kilo 300 tu. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 yenye futi 8 kwa 4 huweza kuzidi kilo 30. Betri ya asidi ya ampia-saa 100 hukaribia kilo 30. Lita 60 za maji ni kilo 60. Mtungi wa gesi ya kilo 15, pamoja na chuma chake, hufikia takriban kilo 30. Ukijumlisha hivi vinne pekee, nusu ya nafasi yako imekwisha. Kwa sababu hiyo, andika uzito wa kila kitu unachoongeza katika daftari, na kwa makabati tumia plaiwudi ya milimita 9 iliyopigiliwa juu ya fremu nyepesi, kwani uimara wa kabati la tela hutokana na viungo vyake zaidi ya unene wa mbao.

Mgawanyo wa uzito una umuhimu uleule. Uzito unaokandamiza kiungo cha kuvutia, yaani kile kinachounganisha tela na gari, unapaswa kukaribia asilimia 10 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Kwa tela la kilo 1,200 hiyo ni kilo 120. Ukiwa mdogo mno, tela huanza kuyumba mkia, hasa lori linapolipita kwa kasi katika barabara ya Morogoro. Ukiwa mkubwa mno, mgongo wa gari hudidimia na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Kupima ni rahisi: mizani ya jukwaa ya kupimia magunia, kama zile zitumikazo katika soko la mahindi la Kibaigwa, inatosha kabisa. Egesha tela mahali tambarare, weka kigingi cha mbao chini ya kiungo ili kikae katika kimo chake cha kuvutwa, zuia magurudumu kwa mawe, kisha acha kigingi kisimame juu ya mizani. Rekebisha uzito huo kwa kusogeza mizigo mbele au nyuma, na vile vizito kabisa, kama betri na tangi la maji, vikae chini na karibu na ekseli (mhimili wa magurudumu).

Chini ya sakafu

Kazi hii haipendezi macho, lakini ndiyo inayoamua kama utarudi na tela lako zima. Pandisha tela kwa jeki, lisimamishe juu ya vigingi imara vya chuma (kamwe usiingie chini yake likiwa limeshikwa na jeki pekee), kisha safisha chesisi kwa brashi ya waya na uikague kwa tochi. Nyufa za kwanza hutokea mahali mikono ya kuvutia inapokutana na chesisi, na katika mabano yanayoshika springi. Ufa usizibwe kwa kupitisha mstari wa kuchomelea juu yake na kuondoka. Mwambie fundi atoboe tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee, auchomelee, kisha aongeze bamba la chuma ubavuni lenye ncha zilizochongoka mithili ya almasi, kwa kuwa bamba lililokatwa wima huhamisha mkazo wote hadi kwenye mstari mmoja, na chuma hupasuka hapo hapo baadaye. Kabla ya kuchomelea, ondoa nyaya za betri na utoe mtungi wa gesi nje ya tela. Baadaye paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu.

Springi, bushi (vikombe vya mpira kwenye viungo vya springi) na yu-bolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zikaguliwe moja moja. Bushi zilizolika zibadilishwe zote kwa pamoja, na palipo na nafasi ongeza shokapu, kwa sababu matela mengi mepesi hayana shokapu kabisa na katika changarawe hurukaruka badala ya kukanyaga. Badilisha nati za kawaida kwa zile zenye duara la plastiki ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Beringi za magurudumu zifunguliwe, zioshwe, zikaguliwe na kujazwa grisi mpya angalau mara moja kwa mwaka, au baada ya kila kilomita 10,000. Safarini, kila unaposimama, gusa kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono: kilicho moto kuliko vingine kinakujulisha kwamba beringi yake inakufa au breki yake imeshika.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii ni kulinganisha magurudumu ya tela na yale ya gari. Ikiwa unavuta kwa Toyota Hilux yenye bolti 6 katika duara la milimita 139.7, na ekseli ya tela ikabadilishwa vitovu ili ipokee rimu na tairi zilezile, basi tairi la akiba la gari linafaa katika tela, na la tela linafaa katika gari. Katika kipande cha barabara kati ya Mtera na Iringa, au baada ya kuiacha Iringa kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ubadilishanaji huo una thamani kubwa kuliko pambo lolote la ndani.

Kagua pia kiungo chenyewe. Kiungo hukaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Tufe la Ulaya na Afrika Kusini lina kipenyo cha milimita 50, na la Marekani linalotumika sana lina inchi 2, yaani milimita 50.8. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kiungo cha milimita 50 hakikai sawasawa juu ya tufe la inchi 2, na kile cha inchi 2 hucheza juu ya tufe dogo. Visiwe vya nchi mbili tofauti. Ongeza minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya kiungo ili kichwa cha tela kikichomoka kidakwe kabla ya kugonga lami. Kama tela ni la Marekani, kumbuka pia kwamba mengi yake hutumia taa moja nyekundu kwa breki na kwa kuonyesha upande. Ni salama zaidi kufunga taa za pekee za rangi ya chungwa, ambazo dereva wa nyuma anazielewa bila kubahatisha. Mlango wa tela kama hilo hufungukia kulia, yaani upande wa magari yanayopita hapa kwetu, kwa hiyo usishushe watoto kando ya barabara.

Mwisho wa kazi ya chini ni kimo. Pima kutoka ardhini hadi kitu kilichoning'inia kuliko vyote, ambacho mara nyingi huwa mguu wa kusimamishia, ngazi au bomba la maji machafu, na ukipandishe au ukihamishe. Matuta ya barabarani hukwangua kwanza sehemu ya nyuma ya tela refu.

Vumbi

Anayetaka kujua vumbi linaingia wapi na asubiri usiku, awashe taa yenye mwanga mkali ndani ya tela, afunge kila kitu, kisha azunguke nje na kuchungulia hadi chini ya sakafu. Kila uzi wa mwanga ni mlango wa vumbi. Weka alama kwa chaki. Matundu ya mabomba na nyaya chini ya sakafu ndiyo mabaya zaidi, pamoja na pembe za visanduku vya magurudumu, kwa sababu tairi hurusha vumbi humo moja kwa moja. Matundu madogo yazibwe kwa gundi ya poliyurethani, inayobaki laini na kuvumilia mtikisiko. Makubwa yafunikwe kwanza kwa kipande cha bati kilichofungwa kwa ribiti, ndipo gundi ipite kando zake. Silikoni ya kawaida ya bafuni ninaikataa kwa kazi ya nje, kwani rangi haishiki juu yake na ikibanduka ni vigumu kuweka gundi nyingine mahali pake.

Mipira ya milango na madirisha hukauka na kupasuka kwa jua. Ijaribu kwa kufungia kipande cha karatasi mlangoni: karatasi ikivutika bila upinzani, mpira umechoka. Mpya upakwe mafuta ya silikoni mara kwa mara, wala usipakwe grisi au oili ya injini, maana hizo huulainisha na kuuharibu.

Hata hivyo kuziba peke yake hakutoshi, na hapa kuna somo la kifizikia lenye faida. Tela linapokwenda, hewa nyuma yake huwa na mgandamizo mdogo, na mgandamizo huo mdogo huyafyonza mavumbi kupitia kila upenyo uliosahaulika. Dawa yake ni kuufanya mgandamizo wa ndani uzidi wa nje. Tengeneza kisanduku cha bati juu ya paa, sehemu ya mbele, chenye mdomo wa takriban sentimita 10 kwa 20 unaotazama mwelekeo wa safari. Ndani yake weka filta ya hewa ya gari iliyokaa vizuri bila mwanya, na chini yake toboa paa kwa tundu lenye kifuniko kinachofungwa kutoka ndani. Gari likienda, hewa safi husukumwa ndani, na hewa hiyo ikitafuta pa kutokea huzuia vumbi kwenye nyufa zilizobaki. Sakafu ya kisanduku iinamie mbele na iwe na vitundu vya kutolea maji, kingo za tundu la paa zinyanyuliwe sentimita chache, na kifuniko kifungwe mvua ikinyesha. Filta ipigwepigwe kila jioni ya safari ya vumbi. Ni kazi ya siku moja kwa fundi bati, na sijui uboreshaji mwingine wa gharama ndogo unaobadilisha safari za kanda hii kiasi hiki.

Tahadhari moja isipuuzwe: matundu ya chini yaliyowekwa kwa ajili ya gesi yasizibwe kamwe, kwa sababu nitakazozieleza.

Joto la mchana na ubaridi wa usiku

Dodoma iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai huwa baridi ingawa mchana jua linachoma. Tela linahitaji kukingwa na hali zote mbili. Anza na paa: paka rangi nyeupe ya kuakisi mwanga baada ya kuziba viungo vyote, na kabla ya kitu kingine utaona tofauti. Ukibandua kuta za ndani kwa sababu yoyote, jaza nafasi kwa stairofomu ya milimita 25 iliyokatwa ikabana vizuri. Karatasi ya alumini inayong'aa husaidia tu pale inapoachiwa nafasi ya hewa mbele yake. Ikigandishwa kati ya mbao mbili haina kazi.

Hewa moto hupanda, hivyo tela linahitaji tundu la kutolea hewa darini na dirisha la chini upande wa kivuli, vyote vikiwa na wavu wa mbu. Turubai la kivuli lifungwe upande wa magharibi kwa ajili ya jua la mchana, kwa kamba na vigingi virefu vya chuma, na lishushwe kabla ya kulala, maana upepo wa Dodoma hauna hodi. Kwa wanaoelekea mapori ya Swagaswaga au Itigi, ninaongeza kwamba ndorobo (mbung'o) huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo turubai na viti vya nje viwe vya rangi ya mchanga.

Umeme wa jua

Hesabu matumizi kabla ya kununua chochote. Taa nne za LED za wati 5 kwa saa nne ni wati-saa 80. Feni ya wati 15 kwa saa nane ni 120. Simu na kompyuta ndogo tuseme 100. Jokofu dogo la volti 12 lenye kompresa, tuseme 400. Jumla ni wati-saa 700 kwa siku. Katika anga la kanda ya kati, paneli hupata sawa na saa 5 za jua kamili katika siku nzuri, na baada ya kutoa upotevu wa joto, vumbi na nyaya, asilimia 70 hivi hubaki. Paneli ya wati 200 basi inakupa wati-saa 700. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu ya chaji yake, hivyo kwa matumizi hayo unahitaji angalau ampia-saa 120 za volti 12. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya chaji na uzito wake haufiki nusu ya ile ya asidi, jambo ambalo, tukirejea daftari la uzito, hupunguza uchungu wa bei yake.

Kwa kuwa tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, paneli inaweza kulazwa juu ya paa bila kuinamishwa sana. Iachiwe nafasi ya sentimita 4 hivi chini yake ili hewa ipite, kwa kuwa uzalishaji hupungua karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto la paneli inayozidi 25. Ifutwe vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji kidogo.

Nyaya nyembamba ni ugonjwa wa matela mengi. Ampia 10 zikipita katika waya wa milimita 2.5 za mraba kwa umbali wa mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, hupotea takriban volti 0.7, katika waya wa milimita 6 za mraba hupotea volti 0.3 tu, na jokofu litakalozimika kwa waya wa kwanza litafanya kazi kwa wa pili. Fyuzi kuu ifungwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, na ukubwa wake uamuliwe na waya unaolindwa: kwa waya wa milimita 6, fyuzi ya ampia 30 inafaa. Kila waya unaopita katika chuma uvishwe bomba la plastiki na kufungwa kila baada ya sentimita 30, la sivyo mtikisiko utauchuna hadi ugusane na chesisi.

Vifaa vya Marekani vya volti 120 visichomekwe katika umeme wa TANESCO wa volti 230. Ni afadhali kuuondoa mfumo wote wa zamani na kufunga soketi za kwetu, zikilindwa na kikatio cha usalama cha miliampia 30, kinachozima umeme unapovuja. Kazi hii ya volti 230 mpe fundi umeme mwenye leseni, hata kama nyingine zote umezifanya mwenyewe.

Maji na jiko

Tangi liwe la plastiki inayofaa kwa maji ya kunywa, lifungwe kwa mikanda ya chuma juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na tumbo lake likingwe kwa bamba dhidi ya mawe. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi na huacha ukoko mweupe katika pampu na mabomba. Funga chujio kabla ya pampu, na mara moja moja zungusha maji yenye siki au asidi ya sitriki, kisha suuza. Koki ya kumwagia maji iwe mahali pa chini kabisa ili tangi likauke kabla ya tela kuhifadhiwa.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini bali hutambaa sakafuni na kutulia, ikisubiri cheche. Ndiyo maana sanduku la mtungi liwe nje ya chumba, limetengwa kabisa na ndani, lenye matundu chini yanayofunguka moja kwa moja nje. Na ndani ya chumba, karibu na jiko, pawe na tundu lingine la sakafuni lililofunikwa kwa wavu wa chuma. Mtungi usimame wima na kufungwa kwa mkanda. Pale bomba la gesi linapopita ukutani liwe la shaba, na mpira utumike sehemu fupi tu, ubadilishwe unapoonyesha nyufa au kabla ya kutimiza miaka mitano. Baada ya kufunga, fungua gesi huku jiko limezimwa, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na angalia mapovu. Tela linapovutwa, mtungi ufungwe kwenye vali yake, wala usitegemee koki ya jiko.

Jaribio

Usiende mbali kwa mara ya kwanza. Barabara ya lami ya kwenda Kondoa inafaa sana kwa jaribio, kwa kuwa unaweza kuendesha kwa mwendo wa wastani, kisha kuingia njia ya vumbi kuelekea michoro ya miambani ya Kolo, na kurejea lami ukiona dosari. Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 50 za kwanza, na tena baada ya 100. Ukiacha lami, punguza upepo wa tairi za gari na za tela kwa takriban robo na upunguze mwendo pia, kisha ujaze tena unaporudi lami, kwa hiyo pampu ndogo ya volti 12 iwe ndani ya gari. Ukifika, kabla ya kufungua kabati lolote, tembea ndani ya tela na tochi: michirizi ya vumbi sakafuni itakuonyesha nyufa ulizozikosa, skrubu zilizodondoka zitakuonyesha mahali pa kuweka bolti na washa pana, na daftari liwe mkononi ili fundi wa Dodoma apate orodha kamili utakaporudi.